Mkono wa Kijana Husomwaje?

Julius Yego alipotupa mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015, utepe ulipima na ubishi ukaisha. Mrushaji wa besiboli hana bahati hiyo. Anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, anarusha mpira unaofika kwa muda usiotimia nusu sekunde, na kinachotokea baada ya hapo kinategemea pia wenzake wanane walio naye uwanjani. Zamani hilo lingekuwa tatizo la Wamarekani peke yao. Sasa limetufikia: mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates ikamchukua kijana mwingine wa Uganda, David Matoma, mrushaji ambaye mpira wake unapita kilomita 150 kwa saa. Msomaji wa kijiji kama Majoreni, pwani ya Kenya, ambaye jioni yake ni kandanda, atasikia majina haya na kuuliza swali la haki: nitajuaje kama kijana huyu anapanda au anapotea? Jibu langu ni kwamba tutazame yale tu ambayo mkono wake unayafanya bila kusaidiwa, tuyapime kwa umri wake na daraja analochezea, na tusiwe na haraka.

Kwanza tujue ngazi yenyewe. Chini ya Ligi Kuu ya Marekani kuna timu 120 za ligi ndogo, zilizopangwa hivyo tangu 2021 katika madaraja manne, na chini ya hayo kuna ligi za wanagenzi katika majimbo ya Florida na Arizona, na nyingine katika Jamhuri ya Dominika. Huko chini viwanja havilingani, wadakaji bado wanajifunza, na mpira ambao ungedakwa Ligi Kuu unapita miguuni mwa mtu. Kwa hiyo hesabu mbili ambazo mshabiki huzikimbilia, mechi zilizoshindwa na mabao aliyofungwa mrushaji, zinadanganya sana kwa chipukizi. Kumhukumu kwa hizo ni sawa na kumhukumu mvuvi kwa bei aliyoipanga tajiri wa samaki. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken alionyesha kwamba mpira ukishapigwa na kuingia uwanjani, hata warushaji wa Ligi Kuu hawatofautiani sana katika kuuzuia usizae kitu. Waliomfuata walilipunguza makali dai hilo, ila kiini chake kimesimama. Kinachobaki mikononi mwa mrushaji mwenyewe ni mambo mawili hasa: wapigaji wangapi amewatoa kwa kuwashinda mara tatu bila mpira kuchezwa, na wangapi amewapa njia ya bure kwa kukosa shabaha mara nne.

Hapo ndipo mwenye kupenda kasi atakapopinga. Kasi haifundishiki, atasema, shabaha inafundishika; mpe mwalimu kijana mwenye kasi na mengine yatakuja. Hoja ina uzito, na bila kasi yake huenda Matoma asingeonekana kabisa. Lakini ligi ndogo zina kaburi la hoja hiyo, na jina lililoandikwa juu yake ni Steve Dalkowski. Waliocheza naye walishikilia kwamba hawajaona mtu mwenye kasi kama yake. Mwaka 1960, akiwa Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262, na akawapa njia ya bure wapigaji 262 vilevile, katika vipindi 170. Alihangaika katika ligi ndogo miaka tisa na hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Kifaa cha kupima kasi kingemsifu kila siku. Hesabu zile mbili, zikiwekwa ubavu kwa ubavu, zilikuwa zinasema ukweli msimu baada ya msimu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: hesabu hazimwoni anayechelewa kuchanua. Mfano unaotolewa mara nyingi ni Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi kutoka kijiji cha Puerto Caimito, Panama, aliyefanya kazi kwenye mashua ya baba yake kabla klabu ya Yankees haijamsajili mwaka 1990 kwa fedha zisizofika dola 3,000. Kasi yake iliruka ghafla mwaka 1995 akiwa tayari na miaka 25, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Umashuhuri la besiboli kwa kura zote. Ajabu ni kwamba mfano huu unaniunga mkono mimi. Msimu wake wa kwanza kabisa, katika ligi ya wanagenzi, Rivera aliwatoa wapigaji 58 katika vipindi 52 na kuwapa njia ya bure 7 tu. Macho ya wataalamu hayakuona kitu: mwaka 1992, alipokuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, Yankees hawakumkinga katika mgawo wa wachezaji kwa klabu mbili mpya, na hakuna iliyomtaka. Kasi ndiyo iliyochelewa kufika. Shabaha ilikuwapo tangu siku za mwanzo, kwa yeyote aliyesoma safu mbili.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo sina ubavu wa kulisukuma kando, nalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Nimesema umri upimwe dhidi ya daraja, na kwa kawaida ni kipimo kizuri: mwenye miaka 19 anayewatoa wapigaji wa miaka 22 ana thamani kuliko mwenye 24 anayewatoa hao hao. Lakini miaka ya kuzaliwa si miaka ya mchezo. Kijana wa Dominika amekabili wapigaji wazuri tangu utotoni. Wa Uganda ana mashindano machache, ingawa msingi upo: mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia, ikazuiwa na viza; mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika na kuwafunga wenzao wa jimbo la Oregon 3–2. Mvulana aliyepitia njia hiyo akiwekwa kwenye mizani ileile ya umri, ataonekana mzito wa kujifunza kumbe ni mgeni wa mchezo. Nadhani tiba ni kumlinganisha na yeye mwenyewe: njia za bure alizotoa msimu huu dhidi ya za msimu uliopita, kwa kila wapigaji mia aliowakabili. Zikishuka huku wanaotolewa hawapungui, anajifunza, hata kama timu yake imefungwa mechi zote.

Tahadhari moja tu juu ya hayo. Hakuna safu ya takwimu inayoonyesha kano ya kiwiko inayoanza kuchanika. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kiwiko mwaka 1974, kano hiyo hutengenezwa upya, lakini kupona huchukua zaidi ya mwaka. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2014 inamwekea mtoto wa miaka 13 au 14 kikomo cha mipira 95 kwa siku, na wa miaka 17 au 18 mipira 105, pamoja na siku za kupumzika. Kwa hiyo jina la Matoma likitoweka miezi kadhaa kwenye orodha ya mechi, uliza kwanza habari za mkono wake, kabla ya kuuliza kama ameshindwa.