Kufika Nako ni Ushindi

Mashindano ya magari ya Safari yalipoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1953, washindani wengi walikuwa madereva wa ridhaa, wakaazi wa nchi hizi, waliotumia magari ya kawaida. Bahati zao hazikulingana. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7. Mengine yote mvua, tope na mawe viliyashinda. Hata hivyo, miaka yote miwili washindi walikuwa wale wale: Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 fundi wa magari wa Kenya, Joginder Singh, na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya nyuma.

Hatusemi kwamba walioshindwa walikuwa wazembe. Twasema kwamba matunzo humpa mtu nafasi ambayo bahati pekee haimpi. Visiwani kwetu, ambako kila gari na kila kipuri huvuka bahari, wakuu wanaokabidhiwa magari ya umma na wapimwe kwa kipimo hicho: si upya wa gari siku ya kupokelewa, bali uzima wake baada ya miaka ya kazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.