C ya karatasi, S ya kitendo

Kilichonikera ni majina ya filamu mbili. Mwaka 1988 Wamarekani walitoa vichekesho vinavyoitwa License to Drive. Mwaka uliofuata James Bond akaja na Licence to Kill, na huko Marekani nako ikaonyeshwa na C yake vilevile. Leseni ni ileile, herufi mbili. Nani kakosea?

Hakuna, alisema mama mmoja wa Dar es Salaam anayesahihisha prufu za Kiingereza, bila kuweka kalamu chini. Kwa Waingereza, licence yenye C ni nomino: ile karatasi anayoidai trafiki. License yenye S ni kitenzi: kumpa mtu ruhusa. Matamshi hayatofautiani hata kidogo, kwa hiyo yeye hutegemea advice na advise, ambazo sikio huzitenga. Pachika advice penye neno linalokutatiza; sentensi ikikubali, andika C.

Utamu wenyewe uko kwenye vinyambuo. Licensed na licensing zimezaliwa na kitenzi, basi zinabeba S. Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 1972 ni Business Licensing Act, ilhali kinachotundikwa ukutani dukani ni business licence. Vijana wapya wa chumba cha habari, anasema, wakiziona S na C kwenye ukurasa mmoja hudhani mwandishi kapitiwa, nao husawazisha. Kosa huzaliwa hapo hapo, kwa nia njema kabisa. Analisimulia hili kama fundi aliyebomolewa ukuta ulionyooka.

Practice na practise ni hivyo hivyo: wakili wa Kiingereza cha London ana practice yake, lakini mwenyewe ni practising lawyer.

Wamarekani wamefuta mpaka huo, ila kwa namna ya ajabu. Kwenye license wamechukua S kwa nomino na kitenzi. Kwenye practice wakachukua C kwa vyote viwili. Noah Webster, mwenye kamusi kubwa ya 1828, aliipenda S hadi akaandika defense. Sasa practice ilimponyokaje? Mama alicheka tu, akageuza ukurasa.

Wewe unayechapa mabango, usitegemee kompyuta. Kikaguzi kinachotazama tahajia pekee hupitisha licence na license bila mstari mwekundu, maana kwa Mwingereza yote mawili ni maneno halali.