Kicheza-muziki ghali hakifufui sauti iliyopotea

KICHEZA-MUZIKI cha ubora wa juu, hata kiwe ghali vipi, hakiwezi kurejesha sauti iliyokwisha kuondolewa.

Faili ya MP3 hupunguzwa ukubwa kwa kuacha sehemu ya sauti. Kuigeuza kuwa FLAC huiongezea uzito tu, wala si ubora.

Anayetaka sauti safi hana budi kuanza na FLAC iliyonakiliwa moja kwa moja kutoka CD, yenye vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Kisha atumie hedifoni za waya, kwani Bluetooth kwa kawaida huibana sauti upya.

Hatimaye, achunge kiwango. Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Usikivu ulioharibiwa na kelele, nao haurejeshwi na kifaa chochote.