Kilimo cha Mwani na Mgawanyo wa Kazi za Kipato na Kazi za Nyumbani katika Pwani ya Mashariki ya Unguja

Ikisiri

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989 na, kwa muda mfupi, kikawa chanzo kikubwa cha fedha taslimu kwa wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki. Makala haya yanaeleza kilichoupata mgawanyo wa kazi za nyumbani baada ya wanawake hao kuwa na kazi ya kipato. Hoja kuu ni kwamba kilimo hicho hakikumpunguzia mwanamke kazi za nyumbani. Kilipachikwa katika nafasi zilizobaki baina ya kazi hizo. Kwa sababu hiyo, kazi za nyumbani ndizo zinazoweka mipaka ya kipato chake. Hoja hii ina uzito zaidi wakati huu ambapo joto la bahari linakisukuma kilimo hicho kwenye maji ya kina.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kitaaluma kuhusu jinsia na kazi umeathiriwa sana na maandishi mawili. Ester Boserup, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu nafasi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi, alionesha kuwa ujio wa zana na masoko mapya unaweza kumwondolea mwanamke nafasi aliyokuwa nayo katika uzalishaji. Arlie Hochschild naye, mwaka 1989, alieleza jinsi wanawake wa Marekani walioajiriwa walivyorudi nyumbani jioni na kuanza zamu ya pili isiyo na malipo: kupika, kufua na kulea.

Unguja inatoa mfano ambao haukai sawasawa katika maelezo yoyote kati ya hayo. Hapa soko jipya halikumtoa mwanamke katika uzalishaji; lilimwingiza. Aidha, dhana ya zamu ya pili inachukulia kwamba zamu ya kwanza ina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Mkulima wa mwani hana saa hiyo. Ratiba yake inapangwa na kupwa na kujaa kwa maji, na maji hayasubiri chungu kiive. Ili kueleza hali hiyo, makala yanaanza na dhana ya kazi, kisha yanaangalia mgawanyo wa kazi uliokuwapo kabla ya mwani, ratiba ya mkulima, matumizi ya pato lake, na mwisho mabadiliko ya bahari.

2.0 Dhana ya Kazi

Kwa muda mrefu takwimu za nguvukazi zilihesabu kazi iliyozalisha bidhaa au huduma za sokoni, na kuacha nje kazi za nyumbani. Mwaka 2013 Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, uliofanyika Geneva, ulipanua dhana hiyo. Kwa mujibu wa azimio lake, kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma kwa matumizi ya wengine au ya mtu mwenyewe, na ajira ni sehemu moja tu ya kazi. Kwa maana hiyo, kuteka maji, kutafuta kuni, kupika na kulea mtoto ni kazi, ingawa si ajira.

Lugha ya kila siku haijafika huko. Mwanamke akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu mara nyingi kwamba hana kazi, yuko nyumbani tu. Neno "tu" katika jibu hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa kuwa linaficha saa nyingi za jasho ambazo kaya haiwezi kuishi bila hizo.

3.0 Mgawanyo wa Kazi Kabla ya Mwani

Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upwa ulikuwa ghala la kitoweo kabla ya kuwa shamba, na kila jinsia ilikuwa na sehemu yake. Wanaume walivua nje ya mwamba kwa ngalawa, mitumbwi na madau, na baadhi yao walikwenda dago kwa wiki kadhaa. Wanawake walibaki ndani ya mwamba, katika maji ya magoti: waliokota chaza na kombe, walichokoa pweza, na walitanda dagaa kwa nguo.

Kazi ya fedha ya wanawake ilikuwa usumba. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika mchanga wa pwani kwa miezi kadhaa hadi yalainike, yakafukuliwa, yakapondwa, na nyuzi zake zikasokotwa kuwa kamba. Ukili nao ulisukwa barazani kwa ajili ya mikeka na vikapu. Kazi zote mbili zilikuwa na sifa moja muhimu: ziliweza kuachwa na kurejewa. Mtoto akilia, kamba iliwekwa chini. Hazikugongana na jiko.

Mwani ulipoletwa katika vijiji vya Paje na Jambiani, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, wanaume pia walijaribu. Wengi wao waliacha bei ilipobaki shilingi mia chache kwa kilo, na baadaye utalii ukawapa njia nyingine za kupata fedha. Waliobaki walikuwa wanawake. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na makadirio ya kawaida huweka wanawake kuwa karibu asilimia 80 au zaidi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwani ni kazi ya wanawake kwa sababu hufanywa katika maji ya magoti, mahali pao pa tangu na tangu. Maelezo hayo si uongo, lakini hayatoshi. Kazi hiyo ikawa ya wanawake pia kwa sababu malipo yake yalikuwa madogo, na malipo madogo yakavumilika kwa sababu yalihesabiwa kuwa ni ya kujazia tu.

4.0 Ratiba ya Bamvua na Ratiba ya Jiko

Shamba la mwani hufikiwa kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapopwa sana karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo mkulima ana vipindi viwili kila mwezi wa kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, kukaza vijiti, kuondoa magugu na kuvuna. Katika maji mafu shamba hufunikwa na kazi hiyo husimama. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Hubebwa ukiwa umelowa na mzito, kisha huanikwa, na takribani kilo saba hadi nane mbichi hutoa kilo moja tu ya mwani mkavu.

Jambo la msingi ni saa. Katika pwani ya Unguja, maji ya bamvua hupwa kabisa mchana kati ya saa tatu asubuhi na saa saba, na wakati huo husogea mbele kwa wastani wa karibu dakika 50 kila siku. Hizo ndizo saa za kuandaa chakula cha mchana, za mtoto mchanga kunyonya, na za watoto wadogo kurudi kutoka shule. Kazi mbili zinaitaka saa ile ile. Usumba uliweza kungoja, bahari haiwezi.

Mgongano huo unasuluhishwa kwa njia nne. Kwanza, mwanamke huamka kabla ya alfajiri ili ateke maji na apike kabla hajashuka pwani. Pili, kazi ya jiko huhamishiwa kwa mwanamke mwingine: bibi, dada au binti. Tatu, mtoto huchukuliwa pwani na kuachwa chini ya kivuli. Nne, shamba hupunguzwa. Mwanamume huingia mara chache, hasa katika kukata vijiti, kubeba magunia au kupeleka mwani kwa mnunuzi. Kazi hizo zina faida, lakini zote ziko upande wa uzalishaji, hazigusi jiko.

Njia ya pili na ya nne zinahitaji uzingativu wa pekee. Kazi inapohamia kwa binti, gharama yake hulipwa kwa saa zake za masomo, na haionekani popote katika hesabu ya mwani. Shamba linapopunguzwa, mnunuzi huona mkulima asiye na bidii, na mpanga sera huona tija ndogo. Kinachopimwa kama udhaifu wa mkulima ni mzigo wa kazi isiyohesabiwa.

5.0 Pato la Mwani na Dhana ya Masurufu

Katika jamii ya Kiislamu ya Unguja, mume ana wajibu wa kumlisha, kumvisha na kumpa mkewe makazi, hata kama mke ana mali. Anachochuma mke ni chake. Kwa kanuni hiyo, fedha ya mwani ilipaswa kuwa akiba ya mwanamke, na kwa baadhi yao imekuwa hivyo: wamenunua dhahabu, vitanda na makabati, na wengine wamejenga.

Hata hivyo, kadiri pato la mke linavyojulikana, masurufu ya mume yanaweza kupungua pasipo mtu kutamka neno. Daftari, sare, mafuta ya taa na kitoweo cha siku ambayo mvuvi amerudi mikono mitupu huingia taratibu katika hesabu ya mke. Tofauti hapa si ya kiasi tu, bali ya aina ya matumizi. Fedha ya mke huliwa. Fedha ya mume, ikipatikana, huelekea kwenye chombo au nyumba. Ndoa ikivunjika, tofali huonekana na daftari halionekani.

Tanzania Bara ililikabili suala hilo mapema. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama izingatie mchango wa kila upande katika fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Mrufani mwenyewe hakushinda, kwa kuwa ilionekana kuwa alikwisha kupewa fedha na mumewe na kuzitumia vibaya, lakini kanuni ilibaki. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, ambako mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi. Huko swali la jinsi ya kuthibitisha mchango usio na risiti lina uzito wa pekee, maana mkulima wa mwani huchangia kwa njia zote mbili: kwa kazi ya nyumbani na kwa fedha iliyokwisha kuliwa.

6.0 Bahari Inapopata Joto

Aina mbili za mwani zimelimwa Zanzibar: spinosamu, yenye bei ndogo, na kotoni, yenye bei kubwa zaidi. Kotoni haihimili joto. Katika maji ya magoti, jua la mchana huyapasha maji yaliyopwa, na tangu miaka ya 2000 kotoni imekufa katika mashamba mengi ya Unguja. Wataalamu, akiwamo Dkt. Flower Msuya, wamependekeza na kujaribu kilimo cha maji ya kina kwa kamba zinazoelea au nyavu za mrija.

Suluhisho hilo ni sahihi kwa upande wa mmea. Kwa upande wa mkulima, linabadilisha kila kitu. Maji ya kina yanahitaji chombo na kuogelea, na vyote viwili ni vya upande wa wanaume katika mgawanyo wa zamani. Yana pia faida isiyotajwa sana: anayefika shambani kwa chombo hafungwi na saa za bamvua, hivyo anaweza kupanga kazi yake isigongane na jiko. Hivyo teknolojia ile ile inaweza kumpunguzia mwanamke mzigo au kumtoa kabisa katika kazi aliyoishika kwa zaidi ya miaka 30. Hatari aliyoieleza Boserup, ambayo haikutokea mwaka 1989, inaweza kutokea sasa, hasa kotoni ikirudi na bei yake kuwavuta wanaume.

7.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba kazi ya kipato na kazi ya nyumbani haziwezi kuchunguzwa mbalimbali, kwa kuwa katika pwani ya Unguja zinashindania saa moja. Kipato kilimpa mwanamke sauti na mali, lakini hakikumpa muda. Sera ya uchumi wa buluu, ambayo ugawaji wa boti kwa wakulima wa mwani ni sehemu yake, itapimwa kwa maswali ya kawaida: chombo kimeandikwa jina la nani, nani amefundishwa kuogelea na kukiendesha, na nani yuko jikoni saa tano mchana siku ya bamvua. Tafiti zijazo zinapaswa kupima matumizi ya muda kwa kalenda ya mwezi wa bahari, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Hojaji ya siku moja tu itaukuta mwani siku ambayo haupo, au itaukosa siku ambayo umeijaza nyumba nzima.