Ngege: Samaki anayelea wanawe kinywani

Samaki wengi wanaoliwa Bariadi hutoka Ziwa Victoria, kupitia Lamadi, wilayani Busega, mahali Mkoa wa Simiyu unapogusana na Ghuba ya Speke. Mama anayenunua sato sokoni leo huenda hajui kwamba zama za bibi yake samaki aliyesifika ziwani humo alikuwa mwingine: ngege.

Ngege na sato ni wa ukoo mmoja, lakini mwenyeji wa ziwa ni ngege. Sato ni mgeni aliyepandikizwa katika miaka ya 1950.

Katika umbile lake mna mazingatio. Jike akishataga, huyakusanya mayai kinywani na kuyaatamia humo mpaka yaanguliwe. Hata vifaranga wakianza kuogelea, wakihisi hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Basi anayemvua jike wakati huo amevua na kizazi chake.

Mwaka 1927 na 1928, nyavu za makila zikiwa zimekwisha kuenea, mtaalamu wa Kiingereza Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Ushauri huo haukudumu. Matundu yalipunguzwa, kisha wakaja sato kumnyang'anya makazi na sangara kumla. Leo ngege ni adimu mno ziwani. Amesalia zaidi katika vijiziwa na mabwawa machache, naye ni miongoni mwa viumbe waliohesabiwa kuwa hatarini kutoweka.

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuhalalishia mawindo ya majini katika Surat al-Maida, aya ya 96, wala samaki hahitaji kuchinjwa. Lakini katika Surat al-A'raf, aya ya 163, ametusimulia watu wa mji wa pwani waliojaribiwa kwa samaki: siku waliyokatazwa kuvua, ndiyo siku samaki walipojitokeza waziwazi. Wakaivuka mipaka, wakaangamia. Halali nayo ina mipaka yake.

Sato naye hulea kinywani, na sheria ya nchi inakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 25. Mvuvi humleta mchanga kwa kuwa mnunuzi yupo. Mzazi mwenzangu, ukienda sokoni nenda na mwanao. Mwonyeshe samaki aliyekomaa na asiyekomaa, na umweleze kwa nini huyu mdogo mmemwacha. Hiyo nayo ni sehemu ya malezi.