Keki ya Kiwanja cha Mpira: Kwa Nini Huokwa kwa Matabaka?

Siku ya michezo inapokaribia, si ajabu kusikia kwamba darasa fulani limechanga fedha ili timu yake iandaliwe keki yenye sura ya kiwanja cha mpira wa miguu. Unga wa ngano, sukari, mayai na siagi ni vitu vya gharama, na keki ikishadidimia katikati hakuna njia ya kuirudisha dukani. Hata hivyo, waokaji wengi huianza kazi hii kwa kukisia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila hatua ya uokaji ina kanuni yake, na kwamba kanuni hizo ni zile zile zifundishwazo katika hisabati, fizikia na kemia.

Vipimo vya kiwanja

Tuchukue kiwanja chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, kama vile vitumikavyo katika mashindano ya kimataifa. Kwa skeli ya 1:300, keki yetu itakuwa na urefu wa sentimita 35 na upana wa sentimita 22.7. Nusukipenyo cha duara la katikati, yaani mita 9.15, kitakuwa sentimita 3.05. Eneo la adhabu, lililoingia uwanjani mita 16.5, litakuwa sentimita 5.5, na goli la mita 7.32 litakuwa na upana wa sentimita 2.44.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Mapishi mengi huandikwa kwa chombo cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 20, ambacho eneo lake ni takriban sentimita za mraba 314. Eneo la kiwanja chetu ni takriban 794. Kwa hiyo, ili tabaka moja lipate unene ule ule, vipimo vyote havina budi kuzidishwa kwa 2.5. Mwenye kuongeza “kidogo tu” atapata keki nyembamba iliyokauka.

Sababu ya matabaka

Wengi hudhani kwamba matabaka ni pambo tu. Sivyo. Rojo la keki hupitisha joto polepole sana, na muda unaohitajika ili joto lifike katikati hukua kwa kipeo cha pili cha unene. Ikiwa tabaka la sentimita 4 huiva kwa dakika 35, basi keki ya sentimita 8 ingehitaji muda upatao mara nne, yaani zaidi ya saa mbili. Katika muda huo sehemu ya nje, iliyo katika tanuri la nyuzi 180 za Sentigredi, ingeungua, ilhali katikati, penye maji, joto halizidi sana nyuzi 100. Ndiyo maana ni afadhali kuoka matabaka mawili na kuyapandanisha baada ya kupoa.

Kuumuka

Soda ya kuokea ni bikaboneti ya sodiamu. Inapopashwa joto peke yake huvunjika hivi:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Kaboneti ya sodiamu inayobaki huipa keki ladha kama ya sabuni. Ikichanganywa na asidi ya kutosha, kama ile ya maziwa ya mgando au ya ndimu, soda hiyo hiyo hutoa gesi maradufu bila kuacha ladha hiyo. Gramu 84 za soda hutoa lita 22.4 za gesi katika nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida. Basi kijiko cha chai, chenye gramu zipatazo 5, hutoa lita 1.3. Bekingi pauda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu na wanga.

Viputo vya gesi hutanuka kwa joto, kisha protini za mayai na wanga wa unga hugandamana na kuvizuia mahali pake. Gesi ikizidi, viputo hupasuka kabla ya kuta zake kukaza, na keki hudidimia. Jambo hili huonekana zaidi nyanda za juu. Huko Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na gesi ile ile huchukua nafasi kubwa zaidi kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Mpishi wa huko hana budi kupunguza bekingi pauda kwa takriban robo na kuongeza maji au maziwa kidogo.

Kupamba

Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Mchana wa Februari katika mwambao, krimu ya siagi iliyotiwa rangi ya kijani huanza kuteleza, na mistari yote hupinda. Dawa yake ni kupamba asubuhi na mapema, keki ikiwa imepoa kabisa, au kutumia sukari ya unga iliyokorogwa kwa maji machache, ambayo hukauka na kuwa ngumu. Mistari meupe ichorwe mwisho, baada ya kijani kukauka, ili rangi zisiingiliane.

Jaribio kwa wanafunzi

Okeni vipande viwili vya rojo moja, kimoja cha unene wa sentimita 2 na kingine cha sentimita 4, katika vyombo vya upana sawa. Chomeni njiti katikati kila baada ya dakika mbili, na muandike muda ambao inatoka kavu. Je, muda wa pili ni mara nne ya ule wa kwanza? Ukipungua, fikirini juu ya joto linaloingia kupitia pande za chombo, ambalo hesabu yetu haikulihusisha.