Magugu Hushindwa Agosti

Natunza bustani za nyumba kadhaa hapa Kamembe, kwenye miteremko inayotazama Ziwa Kivu, na kila mwenye nyumba namwambia hivi: magugu ya Septemba pigana nayo Agosti, ardhi ingali kavu. Mvua zikishaanza, huku wilayani Rusizi hunyesha kwelikweli mpaka Desemba, kisha hurudi Februari hadi Mei. Mbegu zilizolala udongoni huamka kwa pamoja.

Ninachokiogopa zaidi ni kishonanguo, kile tunachokiita inyabarasanya kwa Kinyarwanda. Asili yake ni Amerika. Mbegu zake nyeusi zina vimiiba vinavyonasa suruali, soksi na manyoya ya mbuzi, na mmea mmoja huweza kutoa maelfu. Lakini mbegu hiyo hupenda mwanga ili iote. Ndiyo maana siikati nyasi ya pasipalamu ikabaki kipara, hata bosi akisema fupi ndiyo safi. Naiacha sentimita tano au sita, majani yake yafunike udongo. Pale palipo wazi, hasa gari linapogeukia, napachika vipande vya pasipalamu mvua za kwanza zikidondoka.

Agosti yenyewe naimalizia nje ya nyasi: kwenye ua, mtaroni, nyuma ya choo. Huko ndiko mbegu zinakotoka. Nyingine huja na samadi, kwa sababu mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Samadi mbichi siimwagi kamwe. Nairundika, naigeuza, mpaka joto la ndani liwe kali kiasi cha mkono kushindwa kuvumilia.

Ndago ni vita vingine kabisa. Ukivuta majani, vile vitunguu vyake vidogo hubaki chini na kuchipua upya. Mara nyingi huingia na udongo wa lori, kwa hiyo mwenye nyumba, kabla hujalipa, vunja mabonge kwa mkono uangalie. Ikiwa imeshaingia, ichimbue Julai na uviache vitunguu vikauke juani kabisa, vikikauka hufa. Mteremkoni chimba kidogo kidogo, mvua isije ikaubeba udongo wote ziwani.

Kishonanguo ambacho hakijatoa maua nawapa sungura, wanakipenda sana. Kilichokwisha kukomaa nakikata taratibu na kukitia moja kwa moja kwenye gunia, bila kukikung'uta.